Mwalimu wa Mikakati Aanzie Gairo

Kijana wa Gairo anayetamani kuwa mhadhiri wa mikakati ya kijeshi na usalama wa taifa ana hazina kubwa jirani. Magharibi ipo Kongwa, ambako kuanzia mwaka 1964 wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA walipewa kambi. Akirudi mashariki kwa barabara kuu, atafika Morogoro mjini, ambako ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilikutana kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969. Maeneo hayo mawili yamebeba somo zito la fani yake.

Agosti 1967 wapiganaji wa ANC na ZAPU walivuka mto Zambezi na kuingia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kupitia eneo la Wankie. Walipigana kishujaa, lakini njia ya kwenda Afrika Kusini haikufunguka. Chris Hani, mpiganaji wa ANC aliyewahi kuishi kambini Kongwa, aliishia gerezani Botswana. Alipoachiwa, yeye na wenzake sita waliandika waraka mkali: viongozi wamejitenga na wapiganaji, na mapambano ya ndani ya nchi yamesahauliwa. Wakaondolewa chamani.

Hoja zao hazikuondoka nao. Zilichangia kuitishwa kwa mkutano wa Morogoro, uliopitisha waraka wa mikakati na mbinu na kusisitiza kwamba siasa ndiyo inayoiongoza bunduki. Baadaye Hani na wenzake walirejeshwa.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mwalimu wa mikakati. Kulenga shabaha askari hufundishwa na mkufunzi wake. Mwanazuoni humfundisha kuuliza: tunapigania nini, kwa gharama gani, na nani ana ruhusa ya kutuambia tumekosea? Chuo cha Taifa cha Ulinzi cha Kunduchi, kilichozinduliwa mwaka 2012, huwaweka pamoja darasani maofisa wa jeshi na watumishi waandamizi wa serikali. Katika darasa la namna hiyo, mwalimu anapaswa kuhakikisha hoja ya mdogo inasikilizwa mbele ya mkubwa wake, kwa sababu kosa lisilosemwa darasani hulipiwa damu vitani.

Maprofesa Arnold Temu na Joel das Neves Tembe walihariri juzuu tisa za historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, zilizotoka mwaka 2014. Vyuo vyetu vizifundishe, kisha viwalete wanafunzi Kongwa na Morogoro, wawasikilize wazee walioishi na wapiganaji hao wangali hai.