Haki ya Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, tunakuusieni pamoja na kujiusia wenyewe kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tunapenda kueleza jambo lililotufika mlangoni hapa Singida. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya korona yameenea ulimwenguni, na siku tano baadaye mgonjwa wa kwanza alitangazwa katika nchi yetu. Katika miezi iliyofuata tulikwenda kumtazama mzee mmoja wa jamaa yetu, kijijini katika wilaya ya Ikungi. Mzee huyo hakuwa na korona. Alikuwa na saratani, na madaktari walikwisha sema kwamba haiponi. Tulisimama uani, tukatoa salamu kwa sauti, tukamwombea dua, tukaondoka. Kilio chake cha maumivu tulikisikia kutoka ndani ya tembe. Alifariki siku chache baadaye, na aliyekuwa naye ni mkewe peke yake. Tangu hapo tunajiuliza: je, ile ilikuwa hadhari, au ilikuwa hofu tu?

Hapana shaka hadhari ni katika dini. Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na Sayyidna Umar (R.A.), alipopata habari ya tauni ya Sham akiwa njiani, alirejea Madina na watu wake. Lakini Mtume alikataza pia aliyemo katika nchi hiyo asitoke kwa kuikimbia tauni. Imamu Ghazali ameeleza hekima moja ya katazo hili: wazima wote wakiondoka, wagonjwa watabaki bila ya mtu wa kuwalisha na kuwanywesha. Basi sheria ile ile inayotuamuru kujihadhari inatukataza kumtupa mgonjwa.

Utunzaji wa mgonjwa wa namna hii wataalamu wetu huuita tiba shufaa. Si tiba ya kuuondoa ugonjwa, bali ni ya kutuliza maumivu, kichefuchefu na pumzi inayobana, kusafisha vidonda, na kumliwaza mgonjwa pamoja na watu wake. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 700 kutoka Singida mjini. Safari zinapokuwa ngumu kwa sababu ya maradhi, mgonjwa hubaki nyumbani, na wauguzi wake huwa ni jamaa na jirani.

Wako wanaoikataa dawa ya mofini wakisema kwamba ni kileo. Ndugu zetu, dawa aliyoiandika daktari kwa kipimo, kwa ajili ya kuondoa maumivu makali, haiwi sawa na kitu kinywewacho kwa ulevi. Dharura ina hukumu yake. Huko Uganda, shirika la Hospice Africa, lililoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, limeonyesha kwamba mofini ya maji yaweza kunywewa nyumbani kwa usalama. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, bila ya kungoja maumivu yarudi. Na kwa kuwa hufunga choo, mgonjwa hupewa pia dawa ya kulainisha.

Basi yakizuka tena maradhi kama korona, tufanye nini?

Kwanza, wachaguliwe watu wawili wazima, wenye nguvu, wamhudumie mgonjwa kwa zamu, wakifunika pua na mdomo na kunawa kwa sabuni. Wazee wasibebeshwe kazi hiyo.

Pili, tembe zetu zina madirisha madogo na hewa haipiti vizuri. Mgonjwa akiweza kuhamishwa, atandikiwe kivulini, na wanaomzuru wakae mbali kidogo, nje penye hewa.

Tatu, msikiti umteue kijana wa kufuata dawa hospitali kabla hazijakwisha.

Nne, mgonjwa asaidiwe katika ibada: atayamamu akidhurika na maji, asali kwa kukaa, kwa kulala au kwa ishara, na saa ya mwisho awepo wa kumtamkia shahada kwa upole.

Lakini maradhi hayalingani. Marburg, iliyozuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Hapo kumgusa tuwaachie wahudumu waliofunzwa, nasi tutoe taarifa upesi, tusaidie familia kwa chakula, na tumsemeshe mgonjwa kwa simu ikiwezekana.

Mzee wetu yule hakuhitaji jamaa hamsini uani. Alihitaji mtu mmoja aingie, na chupa moja ya dawa.

Ewe Mola, wasamehe waliotutangulia, wapunguzie maumivu wagonjwa wetu, na utusamehe pale tuliposimama mbali nao. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira, kwetu na kwenu. Amin.