Ukuta Wenye Ukungu Hauhitaji Sumu



Mvua ikiisha, kuta nyingi hubaki na rangi ya kijani na madoa meusi. Ile kijani ni mimea midogo sana, na yale madoa ni ukungu. Hapo mtu hushauriwa atie dawa ya shambani kwenye udongo wa kukandikia, au anunue rangi ya nje yenye dawa ya ukungu. Leo tunataka kueleza kwa nini dawa si suluhisho, na tufanye nini badala yake.

Dawa huenda wapi?

Dawa ya ukungu haifanyi kazi ikiwa kavu. Ni lazima iyeyuke kidogo katika maji ndipo iufikie ukungu. Basi mvua ile ile inayoiyeyusha ndiyo inayoiteremsha chini. Huko Uswisi, Ujerumani na Denmark, wataalamu walipima maji ya mvua yanayotiririka kutoka kuta za nyumba, wakakuta diuroni na terbutrini, dawa zinazotiwa katika rangi na plasta za nje. Diuroni ni ile ile ya kuua magugu katika mashamba ya miwa. Ikifika mtoni inadhuru mimea midogo ya majini, ambayo ni chakula cha viumbe wengine.

Sasa tufikirie boma zetu. Chini ya ukuta kuku wanachakura, watoto wanacheza na udongo, sukumawiki imepandwa, na pengine kisima hakiko mbali. Mama anayekandika kwa mikono mitupu ndiye wa kwanza kudhurika, kwa maana dawa nyingi za shambani hupenya ngozi. Na dawa ikishaoshwa na mvua, kijani inarudi. Pesa imekwenda, ukuta ni ule ule!

Tutibu unyevu kwanza

Ukungu hauoti mahali pakavu. Kwa hivyo:

1. Mabati au nyasi za paa zitokeze nje ya ukuta, futi 2 hivi.
2. Msingi wa mawe uinuke angalau futi 1, ili matone yanayoruka kutoka chini yasilowanishe udongo.
3. Chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali, na mkate vichaka vinavyozuia jua na upepo.
4. Msitie uji wa unga katika udongo wa ukuta wa nje. Ukungu hula unga.
5. Msipake rangi ya mafuta juu ya ukuta wa udongo. Inafungia unyevu ndani, kisha inabambuka.

Chokaa yatosha

Watu wa Lamu na miji mingine ya pwani wamejenga na kupaka kwa chokaa ya matumbawe kwa mamia ya miaka. Chokaa mbichi ni kali, na ukungu hauipendi. Polepole inavuta hewa na kugeuka kuwa jiwe, na ukuta unaendelea kupumua.

Nunueni chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya unga. Koroga kilo 5 katika lita 10 za maji, iache ilale usiku mmoja, kisha ichuje. Sugua ukuta kwa brashi, ulowanishe kidogo, halafu paka nyembamba kama maziwa, mara 3, kila mara ukingoja ikauke. Pakeni asubuhi au jioni, si jua kali. Rudieni kila mwaka kabla ya mvua.

Angalieni: chokaa inachoma macho na ngozi. Vaeni glavu na mfunike macho, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osheni mara moja kwa maji mengi safi, kisha mwende zahanati.

Kama ukuta ulishatiwa dawa, msiukwangue ukiwa mkavu, kwani vumbi lake litavutwa puani. Msipande mboga chini yake, wala msikinge maji yanayotoka hapo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika kijiji chetu, ni kuta zipi huota ukungu, na maji hutoka wapi?
- Ni nani kati yetu hutia dawa katika udongo wa kukandikia, na huchanganya kwa mikono ya nani?
- Je, tunaweza kuchanga tununue chokaa pamoja, na kupaka nyumba moja moja kwa zamu?

Anzeni na nyumba ya mjane au mzee asiyejiweza. Wengine wataona wenyewe.