Chini ya Jiwe la Ujiji

Msomaji wa Ujiji anauliza: amepindua jiwe kwenye maji ya ufukweni, akakuta utandu mgumu umeling'ang'ania, una vitundu vitundu. Je, ni kuvu?

La, ni mnyama. Ni sifongo, jamaa wa wale wanaojaa katika mapango ya bahari, naye hujificha kwa sababu zilezile: kivulini mwani haumnyang'anyi nafasi, na chini ya jiwe tope halimfuniki. Mwaka 1899 Richard Evans alieleza aina mbili za Ziwa Tanganyika zilizokusanywa na J. E. S. Moore, aliyeamini ziwa hili liliwahi kuungana na bahari. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2011 unaonyesha sifongo waliingia ziwani zaidi ya mara moja. Hayo yatosha, nina hamu ya kusimulia pampu yake, ile inayovuta maji mwilini na kuyatoa kwa kasi.

Sifongo hana moyo, hana tumbo, hana neva. Ana vyumba vidogo mno vilivyotandazwa seli, kila seli na mjeledi mmoja unaochapa maji, na mjeledi umezungukwa na ua wa nyuzi nyembamba. Wapo watakaoziita seli-kola. Mimi sikubali. Kiswahili kina ukosi, ule unaoizunguka shingo ya kanzu, na ua huu umekaa hivyohivyo. Ziwe seli-ukosi.

Mjeledi mmoja ni dhaifu. Basi maji hutokaje kwa kasi? Utazame mto Malagarasi. Ukifika kwenye vinamasi, mto hutawanyika ndani ya mafunjo, ukaenda taratibu kama mzee atokaye msikitini. Tope linatua, samaki wanakula. Kasi imepungua kwa kuwa njia imepanuka. Mbele kingo zinakaribiana, nao unashika kasi kuelekea Uvinza. Ndivyo alivyo sifongo: ukijumlisha upana wa vyumba vyake vyote, unaizidi mno njia ya kutokea. Vyumbani maji hujikokota, seli-ukosi zikapata wasaa wa kunasa bakteria; kwenye dohani ya kutokea hurushwa mbali, asije akayanywa tena maji aliyokwisha kuyachuja.

Rudi asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Lipindue jiwe humohumo majini, maana hewa ikiingia kwenye vijia vyake pampu hukwama. Dondosha tone la rangi ya chakula kando ya utandu, usubiri lichomoze kwenye kitundu kikubwa. Kisha lilaze jiwe kifudifudi, kama ulivyolikuta.