CNC: ile grafu ya Form Four ndo kazi yenyewe

Wadau, hapa Maisaka ukitaja mashine ya CNC watu wanadhani kompyuta inachonga chuma, opereta anakunywa chai. Wapi! X, Y na Z ni ile grafu tuliyoikimbia darasani. Programu ni mistari tu: M03 inaanza kuzungusha, G00 inakimbiza kisu hewani, G01 inakisogeza taratibu kikikata. Sifuri ya kuanzia unaipanga mwenyewe kwa kupima kipande. Ukiandika G00 pale pa G01, kisu kinavamia chuma kwa spidi yote, kinavunjika, na bosi hana msamaha.

Ndo maana nasema anza na mashine ya kukereza ya mkono (KMTC kule Hai, Kilimanjaro, kilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria ili kuunda mashine za karakana hapa hapa nchini). Kisu kikiwa butu chuma kinalia. Kompyuta haijali, inaendelea na mistari yake. Wewe uliyezoea mlio huo unabonyeza kitufe chekundu mapema.