Mtoto Mgeni Anapokataliwa Mchezoni

Nchini Norway, watoto wa kuanzia mwaka mmoja wana haki kisheria ya kupata nafasi katika chekechea. Miongoni mwao wamo watoto wa wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, wengi wao wakizungumza Kiswahili nyumbani. Tangu Januari 2021, sheria inawataka pia wafanyakazi wa chekechea kuchukua hatua pindi mtoto anapotengwa na wenzake. Ugumu ni kuona kwamba anatengwa.

Chukua mfano wa watoto watatu wanaopika keki ya mchanga. Binti wa miaka minne, aliyehamia juzijuzi, anasogea na kuwatazama. Anasema neno, hawamwelewi. Anachukua ndoo ili naye apike, wanapiga kelele. Mwalimu anageuka na kumwona yeye akiwa na ndoo ya wenzake mkononi. Aliyetengwa ndiye anayekaripiwa.

Je, wale watatu wana chuki? Mara nyingi hawana. Mwanasosholojia wa Marekani, William Corsaro, aliyekaa muda mrefu na watoto wa chekechea nchini kwake na Italia, alionyesha kwamba watoto huulinda mchezo wao kwa sababu huvurugika upesi. Anayebisha hodi kwa kuuliza “naweza kucheza?” hukataliwa kirahisi. Anayetazama kwanza, kisha akafanya wanachofanya wenzake, huingia bila kelele.

Lakini mgeni ataigaje mchezo ambao hadithi yake haielewi? Patton Tabors, mtafiti wa lugha za watoto, aliueleza mtego huo: ili ajifunze lugha anahitaji wa kucheza nao, na ili apate wa kucheza nao anahitaji lugha. Wengi hunyamaza kwa wiki au hata miezi. Kimya hicho si uzito wa akili. Mtoto anasikiliza na kukusanya maneno. Hatari ni wenzake kumzoea kama mtu asiyesema, wakaacha kumsemesha.

Kuamuru “mchezesheni!” hakutoshi. Watamkubali, kisha watamfanya mtoto mchanga aliyelala, na mchezo utaendelea bila yeye. Afadhali mwalimu aketi mchangani, ajifanye mteja, aagize keki na kumpa mgeni kazi ya kuchota maji au kupokea pesa za majani. Kazi hiyo haidai maneno mengi, ila bila yeye keki haiivi. Mchezo ukishika kasi, mwalimu ajiondoe taratibu.

Mzazi naye, anapomfuata mtoto jioni, asiishie kuuliza kama amekula na kulala vizuri. Amuulize mwalimu: “Leo amecheza na nani?” Siku zikipita bila jina hata moja kutajwa, mwalimu asisubiri mtoto ajue Kinorwe kwanza ndipo amtafutie rafiki.