Sura ya 7: Kamera Ilisimama Wapi?

Kila ninapowafundisha vijana wa Shinyanga na Geita kuweka picha kwenye ramani shirikishi, hakosekani wa kuuliza kama picha ya kiwanja chake itamsaidia kupata hati. Atainuka mwingine aulize atalipwa lini. Halafu mzee aliyekaa nyuma, ambaye muda wote alikuwa akisikiliza tu, atasema lile linalowasumbua wengi: "Sasa mwanangu, hao mnaowatumia picha si wataiona dhahabu yetu?" Sura hii imezaliwa na maswali hayo. Nitayajibu kwanza, maana asiyeyamaliza hapa hatafuata utaratibu wowote nitakaoueleza mbele.

Tuanze na hati. Picha kwenye ramani haimpi mtu ardhi wala haimnyang'anyi. Hati miliki hutolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, na leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa na Tume ya Madini. Hakuna hata mmoja kati ya watoaji hao anayeuliza nani aliwahi kuandika jina lake kwenye simu. Tena jina uliloliandika leo, jirani mnayegombana mpaka anaweza kulibadilisha kesho asubuhi, kwa kuwa ramani shirikishi humruhusu kila mchangiaji kurekebisha.

Malipo nayo hayapo. OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, imejengwa zaidi na watu wanaojitolea. Google huwapa wachangiaji wa ramani yake pointi na beji, na pointi hizo si fedha. Ila zimeleta ugonjwa: mtu anakaa kwenye mgahawa mmoja mjini Geita, anapandisha picha kumi za sahani ileile ya wali na kuku, na zahanati iliyo ng'ambo ya barabara haina picha hata moja. Ramani ikijaa picha za namna hiyo, mgonjwa anayetafuta mlango wa zahanati haimsaidii chochote.

Swali la mzee nalijibu kwa heshima, kwa sababu hofu yake ina historia. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa palepale. Mtu wa ukanda huu akimwona mgeni amesimama kilimani anasoma tarakimu kwenye simu, ana sababu ya kuuliza. Lakini dhahabu haionekani pichani. Kamera hupokea mwanga uliogonga juu ya kitu. Dhahabu ya Geita imo ndani ya mwamba, gramu chache katika tani nzima, na kampuni huitafuta kwa kuchoronga ardhi, kuchukua sampuli na kuzipima maabara. Picha ya mlima inaonyesha mlima.

Nisichokiheshimu ni programu za simu zinazodai kutambua dhahabu. Vijana wanazunguka nazo kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, wakisubiri simu ipige kelele. Programu hizo husoma kihisi cha sumaku, kilekile kinachoendesha dira ya simu, na dhahabu haivutwi na sumaku. Kinachoifanya simu ilie ni chuma: nondo, sururu, bati la kibanda. Anayekuuzia programu hiyo ni ndugu yake mganga anayekupigia ramli ili akuonyeshe pa kuchimba. Wote wawili wanakula fedha ya matimba yako, yaani magogo ya kuzuia kuta za shimo, na duara lisilo na matimba linaua.

Sasa utaratibu. Nilipanga sura hii iende kwa mambo matatu, yaani mahali, wakati na watu, kila moja na kurasa zake. Ila penye mahali ndipo penye makosa mengi, na hapo lazima nikawie.

Kwanza ujue kwamba OpenStreetMap yenyewe haihifadhi picha. Huhifadhi kiungo kinachoelekea kwenye picha iliyowekwa kwingine: Wikimedia Commons, Mapillary au Panoramax. Kwa hiyo picha yako ina maisha mawili, kule inakokaa na kule inakoonekana, na taarifa zake zikiwa mbovu kule inakokaa, ubovu unasafiri nayo. Simu inapopiga picha, kama umeiruhusu, huandika ndani ya faili majiranukta ya mahali simu ilipo. Narudia, simu ilipo. Kitu ulichokipiga kinaweza kuwa mbali sana na hapo.

Mfano wangu siku zote ni shimo la mgodi wa almasi wa Williamson pale Mwadui. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliugundua mwamba wa kimbalaiti wa Mwadui mwaka 1940. Uso wake wa juu una ukubwa wa hekta 146 hivi, na mwamba huo ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani iliyowahi kuchimbwa kibiashara. Zifanye hekta hizo ziwe duara kamili, upana wake unakuwa karibu mita 1,360. Chukua mtu aliyepewa ruhusa ya kuingia, maana eneo lina uzio na ruhusa ni ya mgodi. Amesimama ukingo wa magharibi, anaupiga picha ukuta wa mashariki. Simu inaandika majiranukta ya pale alipokanyaga. Akifika nyumbani anapandisha picha na kuipa maelezo, "Mwadui, ukuta wa mashariki." Ramani inaibandika magharibi. Simu haikudanganya, na maelezo yake pia ni ya kweli, ila ramani imepotoka kwa zaidi ya kilomita moja.

Dawa yake ipo. Wikimedia Commons ina nafasi mbili tofauti za kujaza: mahali pa kamera na mahali pa kitu kilichopigwa. Jaza zote mbili. Kisha taja kamera ilielekea wapi, kwa nyuzi zinazohesabiwa kutoka kaskazini kwa kufuata mzunguko wa saa: mashariki ni 90, kusini 180, magharibi 270. Baadhi ya simu huandika mwelekeo huo zenyewe kwa kutumia ile dira niliyoitaja, kwa hiyo ukisimama karibu na gari au ukiegemea ukuta wa bati, usiuamini. Angalia jua, uandike mwenyewe.

Majiranukta ya Mwadui ni kama −3.52 na 33.60. Alama ile ndogo ya kutoa inasema tuko kusini mwa ikweta. Isahau, na picha yako itahamia kaskazini mwa Uganda, si mbali na mbuga ya Kidepo. Iache alama kwenye namba yake lakini uzibadilishe nafasi namba mbili zile, na almasi za Mwadui zitachimbwa mashariki mwa Moroko. Na tarakimu baada ya nukta si pambo. Nyuzi moja ni karibu kilomita 111, kwa hiyo tarakimu moja baada ya nukta inakupa hatua za kilomita 11, na kwa kipimo hicho Mwadui na mji jirani wa Maganzo vinaweza kuangukia nukta moja. Tarakimu tano zinakupa hatua za mita moja hivi. Simu ya kawaida, hata uwanjani, hukosea mita kadhaa, kwa hiyo anayeandika tarakimu kumi anaandika uongo wa kujipendekeza. Tano zinatosha. Kabla ya kupiga, toka chini ya mwembe, simama, ipe simu nafasi itulie.

Na jambo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote niliyotaja: picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na kunyang'anywa majiranukta na tarehe ya kupigwa. Mwenzako wa Katoro akitaka kukutumia picha za mwalo, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, mwambie azitume kama faili.

Wakati nitaueleza kwa tukio moja. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa Mwadui ulibomoka, tope likatoka nje ya eneo la mgodi na kufunika nyumba na mashamba upande wa kijiji cha Ng'wanholo, wilayani Kishapu. Picha ya njia au shamba la eneo hilo iliyopigwa Oktoba 2022 na ile ya Desemba zinaonyesha ardhi mbili. Zote zina thamani, na picha ya kabla ina thamani kubwa zaidi kwa aliyepoteza shamba, ilimradi tarehe yake inajulikana. Isiyo na tarehe haimsaidii yeyote. Wapo wanaoniambia hakuna haja ya picha zetu, kwani setilaiti inatuona muda wote. Picha za setilaiti zinazowekwa chini ya ramani hizi zinaweza kuwa za miaka iliyopita, na huunganishwa vipande vya tarehe mbalimbali. Kwenye machimbo madogo, ambako rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, inaweza kuleta maturubai na makarasha ya kusaga mawe porini na kisha kuyahamisha kabla ya mavuno, tarehe ndiyo nusu ya picha.

Tunafika kwa watu. Mapillary hufifisha nyuso na namba za magari kwa mashine, lakini Wikimedia Commons inakuachia kazi hiyo mwenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haimtambui mtu anayesema hakujua. Piga jengo, piga kibao, piga barabara. Subiri watu wapite. Ukiwa karibu na uzio wa Mwadui usipandishe picha inayoonyesha vijana wanaopita njia za panya. Kijana akishaitwa mbeshi, yaani mvamizi wa mgodi, kwa sababu ya picha yako, hutaweza kumwondolea jina hilo.

Na lipo katazo ambalo silifanyii mjadala. Kanda ya Ziwa imeua watu wenye ualbino kwa kuamini waganga waliodai kwamba viungo vyao huleta mali, dhahabu na samaki. Ni uongo uliomwaga damu ya watoto, na Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Kwa hiyo usiweke kwenye ramani picha ya mtu mwenye ualbino, wala ya nyumba anayoishi, wala ya bweni linalowalea watoto hao, hata kama limejaa michoro mizuri ukutani na wafadhili wamelisifu. Shule na vituo hivyo sivitaji kwa jina hata katika kitabu hiki. Ukikuta mtu ameshaweka picha ya namna hiyo, iripoti ifutwe, kisha umweleze aliyeiweka kwa upole, kwani mara nyingi alidhani anasaidia.

Haki za picha nazieleza kwa ufupi. Weka picha uliyoipiga mwenyewe, au ambayo mwenyewe ameitoa kwa leseni huria. Kuichukua gazetini au kwenye ramani ya kampuni nyingine na kuiweka kwenye ramani huria ni wizi, na wahariri wataifuta. Droni ina vibali vyake. Usiirushe kabla hujavipata.

Picha zinazohitajika zaidi upande wetu hazina mvuto wowote. Ni makalvati na madaraja madogo ya barabara za Kishapu, milango ya zahanati, visima vyenye vibao vya majina, na mito ya mchanga inayokauka Julai na kukata njia mvua zikianza. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi wenyewe kuchora mitaa inayofurika maji. Wilaya zetu nazo zinahitaji kazi kama hiyo. Ndugu msomaji, kabla ya mvua za Novemba nenda kwenye daraja lililo karibu na kwako, lipige picha kutoka pande zote mbili, andika tarehe na mwelekeo, na uzipandishe. Mvua zikikatika, rudi ulipige tena.