Kibuyu Kilichoshonwa

Dominika ya 27 ya Mwaka B
Masomo: Mwa 2:18-24, Ebr 2:9-11, Mk 10:2-16



Masomo ya leo yanaturudisha kwenye chanzo cha ndoa. Mafarisayo wanamwuliza Yesu kama mume aruhusiwa kumwacha mkewe. Yesu hawafuati katika hesabu hizo. Anawarudisha mwanzo, pale Mungu alipowaunganisha mume na mke wawe mwili mmoja. Wao wanauliza jinsi ya kuvunja. Yeye anaonyesha kilivyounganishwa. Nasi leo tupende kuitafakari kazi ya kuunganisha kwa kuangalia kitu kidogo kinachojulikana katika nyumba zetu, yaani kibuyu.

Karibu kila ukoo huku kwetu una kitu kimoja kisichouzwa. Pengine ni kigoda cha babu. Pengine ni jembe la kale, kumbukumbu ya siku zile Warongo wa Uzinza walipoyeyusha chuma kwa mikono yao, na majembe yakatolewa kuwa mahari. Pengine ni kibuyu ambacho mama alikabidhiwa na mama yake siku ya kuolewa. Mgeni akikiona atasema ni kikuukuu. Mwenye nyumba anajua ni mikono mingapi imekishika, na ni posa ngapi zilizokubaliwa pombe ya ndizi ikiwa ndani yake.

Kibuyu hakipatikani kwa siku moja. Tunda lake huachwa likomae shambani hata ganda liwe gumu. Kisha hutobolewa, nyama yake huozeshwa kwa maji, mbegu hukwanguliwa, na ganda hukaushwa polepole. Likikaushwa kwa haraka kwenye jua kali, hupasuka. Baada ya hapo ni miaka ya kutumiwa, kuoshwa na kuning'inizwa karibu na moshi wa jiko, ndiyo inayolipa ile rangi ya kahawia inayong'aa. Kwa hiyo kibuyu cha bibi hakina badala sokoni. Ukinunua kingine umepata chombo, lakini hukupata kumbukumbu.

Sasa tuwasimulie habari ya ndugu mmoja, Mkristo wa upande wa Ngara, aliyemwoa binti wa Biharamulo. Majina yao tunayaacha. Wenyewe wameturuhusu kuisimulia habari yao. Binti huyo alikuja na kibuyu cha marehemu mama yake. Siku moja, familia ikihama nyumba, mume alitupia gunia la maharage juu ya mizigo bila kuangalia. Kibuyu kikapata ufa tangu shingoni hadi karibu na kitako. Mume akasema, "Si kibuyu tu, Mama watoto? Tutanunua kingine." Mke hakujibu neno. Alikifunga katika kanga, akakiweka darini. Kikakaa huko miaka kumi na mmoja.

Ilipokaribia jubilei ya miaka 25 ya ndoa yao, mume alikumbuka lile neno lake, akaona haya. Akakusudia kukitengeneza kwa siri, ili siku ya jubilei ampe mkewe zawadi asiyoitazamia. Kwanza alijaribu gundi ya dukani. Kwa siku tatu ilionekana imeshika. Alipotia maji, ufa ukafunguka tena, kwa maana ganda la kibuyu hutanuka likilowa na hujikunja likikauka, lakini gundi ile ilikuwa kavu, haikuweza kwenda pamoja nalo.

Ndipo akaelekezwa kwa bibi mmoja wa huko Biharamulo anayejua kushona vibuyu. Bibi alikigeuza kibuyu, kisha akasema, "Mwanangu, hatuanzi kushona. Tunaanza kuusimamisha ufa." Akapasha moto chuma chembamba, akatoboa tundu dogo la mviringo pale hasa ufa ulipoishia, ili usizidi kwenda mbele. Kisha akalilainisha ganda kwa maji ya uvuguvugu, akatoboa matundu pande zote mbili za ufa, moja likielekea lingine. Akapitisha uzi wa katani, akivuta kidogo kidogo, wala si kwa nguvu, maana anayevuta kwa nguvu hupasua upya. Mwisho hupakwa nta ya nyuki, ambayo misitu ya Biharamulo huitoa kwa wingi, iliyoyeyushwa ikaingia kila tundu. Nta hukubali kutanuka na kujikunja pamoja na ganda. Lakini kazi hiyo yataka siku nyingi, kwa kuwa kila sehemu iliyoshonwa huachwa ikauke kabla ya kuendelea.

Hapo likazuka jambo. Kila Jumamosi mume anaondoka alfajiri, anarudi usiku. Mbuzi mmoja ameuzwa na fedha haionekani. Akiulizwa, anajibu, "Nilikuwa na shughuli." Majirani nao wakafanya kazi yao: wakasema amepata mwanamke huko Biharamulo. Mke alikonda. Mume alipoona hali hiyo alikuja kwetu na kutueleza siri yake. Nasi tulimshauri avumilie, kwa kuwa zilibaki siku tisa tu na furaha ya jubilei ingefuta yote. Wapendwa, tunakiri mbele yenu kwamba ushauri ule haukuwa mwema. Tuliipenda hadithi nzuri ya zawadi kuliko tulivyoyahurumia machozi ya mama yule.

Yeye alikuwa na hekima kutuzidi. Usiku ule ule alimwambia mkewe, "Mama watoto, kesho twende wote mahali ninapokwenda." Wakasafiri pamoja, mama amenyamaza njia nzima. Walipoingia uani kwa bibi, akakiona kibuyu cha mama yake juu ya mkeka, nusu kimeshonwa na nusu bado. Akaketi chini, akalia. Bibi hakusema neno, alimpa uzi. Mishono iliyobakia aliishona yule mama mwenyewe, na mumewe akimshikia kibuyu.

Siku ya jubilei, basi, hapakuwa na jambo la kushtukiza. Lakini kibuyu kilikuwapo mezani, na wote tulikiona. Katika habari hii tujifunze mambo matatu.

Kwanza, usimamishe ufa kabla ya kuushona. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanandoa wengi huanza na zawadi, kitenge au baiskeli, huku lile neno lililojeruhi likiendelea kupasua. Tundu dogo la mwishoni mwa ufa ndilo neno hili: "Nilikukosea." Neno hilo linauma kama chuma cha moto, lakini pasipo hilo mishono yote ni bure.

Pili, tupime siri zetu. Yesu alitufundisha kutenda mema bila kupiga baragumu, hata mkono wa kushoto usijue tendo la mkono wa kuume. Siri ya namna hiyo ni njema. Lakini siri njema ni ile inayomtunza mwenzako. Ikianza kumtesa, imekwisha kazi yake, nayo ifunguliwe hata kama zawadi haijawa tayari. Mume anayeona mkewe anakonda na bado anatunza siri kwa ajili ya utamu wa siku ile, anaitunza furaha yake mwenyewe. Na ninyi majirani, kabla hamjatafsiri safari ya mwenzenu, kumbukeni kwamba ulimi wenu waweza kupasua palipokuwa panashonwa.

Tatu, mshono hauna aibu. Huko Japani mafundi huunganisha vyombo vya udongo vilivyovunjika kwa utomvu wa mti na unga wa dhahabu, ili mahali palipovunjika paonekane na kupendeza. Bibi wa Biharamulo hana dhahabu. Ana katani na nta. Walakini fundisho ni moja. Hata Bwana wetu alipofufuka hakuyafuta madonda yake, alimwonyesha Tomaso. Ndoa iliyosameheana haifanani na ndoa ambayo haijapata kupasuka. Ina mishono, nayo inashika maji.

Marehemu Askofu Christopher Mwoleka, aliyelichunga Jimbo letu, wakati huo likiitwa Rulenge, tangu 1969 hadi 1996, alizoea kufundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa kwetu uwe fumbo la kuumiza kichwa, bali uwe mfano wa kuigwa katika kushirikishana maisha. Hapo ndipo tunapoona kwa nini kibuyu kile kilikuwa zawadi kubwa zaidi kikiwa nusu. Kama kingeletwa kimekamilika, mume angekuwa mtoaji na mke mpokeaji. Kilipoletwa kwake hakijakamilika, walishirikishana kazi, machozi na uzi ule ule.

Ndugu wapendwa, leo mrudipo nyumbani tazameni darini. Huenda kuna kitu kimefungwa katika kanga miaka mingi, na mwenye nacho hajasema neno. Msiseme, "Tutanunua kingine." Kishusheni, mkikague pamoja, na mwanze pale ufa ulipoishia. Mungu aliyewaunganisha mwanzo hajachoka kushona. Amina.

Maswali kwa jumuiya ndogondogo:
1. Katika nyumba yetu, ni neno gani lililosemwa zamani ambalo bado linapasua?
2. Ni siri gani njema, na ni siri gani inayomtesa mwenzangu?
3. Jumuiya yetu husaidia kushona, au hukaa uani ikieneza maneno?